Pichi Katika Rangi Nane

Jumapili mezani, Mzee Lamar Culpepper akitaka siagi, alimgeukia mkewe. "Eula, mwambie mwanao anisogezee siagi."

Siagi ilikuwa mbele ya Hoyt, na Hoyt alikuwa ameketi ubavuni mwa baba yake, viwiko vyao vinagusana kila mmoja akikata nyama. Lakini alingoja. Mama yake alimaliza kutafuna, akafuta mdomo, akasema, "Hoyt, mwanangu, baba yako anakuomba siagi, tafadhali sana." Hilo tafadhali alilitia yeye mwenyewe. Mzee Lamar hakuwa mtu wa maneno hayo.

Hoyt alisogeza siagi. "Mama, mwambie Baba karibu."

"Anasema karibu, Lamar."

"Mwambie nimeshiba," alisema Mzee Lamar, akapaka siagi.

Walikuwa wakiishi hivyo miaka kadhaa, tangu ule mwezi wa Machi baridi ilipoua maua. Mipichi yote ya mji wetu wa Lumsden ilikuwa imechanua, mashamba yamekuwa waridi kutoka barabara kuu hadi mtoni, ndipo usiku mmoja barafu ikashuka bila adabu. Kila mwenye mwana wa kiume alitoka naye kuwasha moto chini ya miti, maua yasigande. Wa Mzee Lamar hakuonekana. Hoyt alikuwa amejifungia kwenye karakana yake mjini, nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza televisheni za watu, na muda uliobaki aliutumia kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyemtuma: kompyuta ya kuweka mezani nyumbani, tena ya kuonyesha rangi. Miaka hiyo kompyuta ambazo mtu wa kawaida angeweza kununua zilikuwa masanduku yenye taa za kumetameta, na zile zenye skrini ziliandika herufi za kijani au nyeupe. Hoyt aliona hiyo ni dhuluma kwa macho ya binadamu.

Kulipopambazuka, kioo cha mashine yake kilitoa kisanduku kimoja chekundu. Basi. Alilia, akaruka, akaendesha gari hadi shambani, akapiga kelele langoni, "Baba! Nimepata nyekundu!"

Mzee Lamar alikuwa amesimama chini ya mpichi, uso mweusi kwa masizi. Juu yake maua yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya chai. Alimtazama mwanawe. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa ameshika ndoo, akasema, "Eula, mwambie mwanao hongera."

Tangu siku hiyo hakumpa neno tena la ana kwa ana.

Huku Lumsden hatuulizi mambo ya nyumba ya mtu. Ni utovu wa adabu. Badala ya kuuliza, tunasaidia. Baba na mwana wakikutana dukani kwenye misumari, mwenye duka alipokea neno upande huu akalifikisha upande ule, huku akipima misumari kama kawaida. Kanisani, Mchungaji Tribble aliketi katikati yao siku za mkutano wa wazee na kugeuza shingo huku na huku mpaka akawa analala na kitambaa cha moto shingoni. Mwaka Eula alipopotewa na sauti kwa mafua, walimtumia mbwa. "Seneta, mwambie mwanao afunge mlango." Seneta alikuwa mbwa mzee, kiziwi, na alikubali kazi hiyo bila maringo.

Hoyt alizoea kila kitu isipokuwa jambo moja. Baba yake hakulitamka jina lake. Alikuwa "mwanao" tu. Mara nyingine, akiwa peke yake karakanani, Hoyt alijiita mwenyewe kwa sauti nzito ya Mzee Lamar, asikie inavyokuwa. Haikuwa sawa, naye akaona haya.

Mashine nayo ilikua. Baada ya nyekundu kulikuja kijani, baada ya kijani buluu. Ukiwasha mbili pamoja ulipata nyingine: njano, zambarau, samawati. Ukiwasha zote tatu ulipata nyeupe. Na ukizizima ulipata nyeusi, ambayo Dewey Spivey alisisitiza ihesabiwe. Dewey alikuwa mpiga kinanda na rafiki wa Hoyt tangu shule, na ndiye aliyeandika programu.

"Nyeusi si rangi, Dewey. Ni mashine imezimika."

"Basi tumepata rangi moja ya bure, unalia nini? Nane zinasikika vizuri kwenye tangazo."

Programu walizihifadhi kwenye kanda, zile kubwa za kuchomeka ambazo kila mtu alikuwa nazo kwenye lori lake kwa ajili ya muziki. Zilipatikana kokote na hazikukatika ovyo. Ubaya wake ni kwamba kanda ya aina hiyo inazunguka tu, haina mwanzo wala mwisho, na haijui kurudi nyuma. Ukitaka kitu kilichokwisha kupita, unakaa ukikingoja kizunguke. Dewey alijifunza kufuma soksi.

Ilikuwa Jumapili ya Mei, nyama ya kuku mezani, Hoyt akajisahau akajisifu.

"Mama, mwambie Baba mashine yangu sasa ina rangi zote za dunia."

Mzee Lamar aliweka uma chini. Alitazama dirishani, kwenye mipichi yake. Kisha akasema, "Eula, mwambie mwanao hivi. Siku mashine yake itakaponionyesha pichi, nitaongea naye."

Hoyt alisikia, bila shaka. Lakini ujumbe ulikuwa haujamfikia. Eula alifumbua kinywa, akakifumba, akainuka akaingia jikoni. Baba na mwana walibaki wameketi kiwiko kwa kiwiko, kila mmoja akitazama kuku wake, wakingoja ujumbe ambao wote wawili walikuwa wanaujua. Maji ya bomba yalisikika. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na aproni imekaa upande.

"Baba yako," alisema, "anasema siku mashine itamwonyesha pichi, ataongea nawe."

"Mwambie," alisema Hoyt, "mwambie Jumapili ya kwanza ya Juni."

"Mwambie awe na uhakika," alisema Mzee Lamar, akaomba chumvi kwa njia ile ile.

Kesho yake Hoyt aliwaeleza Dewey na mashine. Dewey alisikiliza, akahesabu kwa vidole, nyeusi ikiwemo, akasema, "Hoyt, pichi ni rangi gani?"

Hapo ndipo ilipomwingia. Mtu aliyezaliwa chini ya mpichi, katika jimbo ambalo limechora pichi kwenye kila kibao cha barabara, alikuwa ametengeneza mashine ya rangi nane, na hata moja haikuwa ya pichi. Hata rangi ya chungwa haikuweza.

Walijaribu. Walichora duara jekundu. Bi Verdie Mobley, mjane anayefundisha shule ya Jumapili, alipita kuchukua televisheni yake akalitazama kwa furaha. "Jamani, nyanya ilivyoiva!"

"Ni pichi, Bi Verdie."

"Ndiyo, pichi. Si ndivyo nilivyosema?"

Walichora la njano. Mchungaji Tribble alisema hajawahi kuona limau lenye afya namna ile, akaambiwa ni pichi, akasema ndiyo, limau la aina ya pichi. Walipochora la zambarau watu waliingia, wakashika kofia, wakasema, "Hicho kweli ni kitu," wakaondoka. Ndiyo taabu ya mji wenye heshima: mtu anaweza kupotea miaka kumi na kila anayempita akamsifu mwendo. Hoyt alitamani aje mtu mmoja asiye na malezi amwambie ukweli.

Dewey alileta sumaku ya spika. Ukiisogeza kwenye kioo, rangi zinakimbia na kuchanganyika, na kwa nukta moja ya saa walipata shavu la pichi zuri ajabu. Kisha likateleza likaishia pembeni na kukaa huko. Kioo kile kilibaki na jeraha la kijani ambalo halikutoka tena.

Zilibaki siku chache. Dewey aliandika programu ya mwisho akiwa na usingizi, akakosea: badala ya kujaza duara kwa rangi moja, mashine ilizipanga visanduku visanduku, nyekundu, njano, nyekundu, njano, na nyeupe imeruka hapa na pale. Ilikuwa mbaya kutazama. Hoyt alisema maneno ambayo hayasemwi huku, akavuka barabara kwenda kununua soda.

Alipoinua chupa mdomoni, akageuka. Dirishani kwa karakana yake, kule ng'ambo, kulikuwa na pichi.

Lilikuwa limeiva. Lilikuwa na shavu. Aliiweka soda chini katikati ya njia, akavuka mbio, na alipofika kioo kilikuwa na surua tupu. Akarudi ng'ambo: pichi. Akavuka: surua. Alivuka barabara ile kama kuku aliyechanganyikiwa, malori yanamngoja, na madereva wote wakagusa kofia zao wakamsabahi.

"Jicho linachoka kuzitenganisha," alisema Dewey alipokuja kuona. "Likiwa mbali linazichanganya lenyewe. Umeshinda, ndugu yangu! Mwambie tu mzee asimame mbali."

"Siwezi kumwambia. Hatuongei."

"Basi mwambie mama yako amwambie."

"Dewey, wewe unamjua Baba. Anakagua pichi vipi?"

Kila mtu alijua. Mzee Lamar alikuwa mwamuzi wa mapichi kwenye sikukuu ya wilaya tangu Hoyt hajazaliwa. Aliliinua tunda hadi ncha ya pua, akavaa miwani juu ya miwani, akaligeuza taratibu akilitazama nywele kwa nywele. Aliwahi kumnyima zawadi mkwewe kwa sababu ya doa lisiloonekana na mtu mwingine yeyote. Kumwambia akague kutoka mbali ni sawa na kumwambia Mchungaji abatize kwa simu.

Jumapili ikafika. Alfajiri Hoyt na Dewey waliibeba mashine hadi barazani kwa wazee, wakaitundikia shuka isipigwe na jua. Mbele yake kulikuwa na ngazi, ua, lango, barabara ya vumbi, na ng'ambo ya barabara mipichi. Hoyt aliipima ile nafasi kwa jicho.

Hakuna aliyealikwa, kwa hiyo walikuja wote. Walikuja moja kwa moja kutoka kanisani na vyombo vimefunikwa kwa vitambaa: kuku wa kukaanga, mayai ya kujazwa, makaroni, mapichi yaliyookwa kwa unga na siagi, na chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Huku mtu akifiwa tunaleta chakula, akizaa tunaleta chakula, na akitaka kuongea na baba yake hatukuona sababu ya kubadili utaratibu.

Mzee Lamar alitoka ndani na suti ya kanisani, kofia kichwani, miwani yote miwili mfukoni. Aliketi kwenye kiti mbele ya kioo, karibu kabisa, magoti yanagusa meza.

"Mwambie mwanao niko tayari."

Eula, kwa kutaka kusaidia, alikuwa amekwisha kuchomeka kanda. Mashine ikalia ndani kwa ndani, ikasoma. Watu wakasogea. Kioo kikajaa herufi: mabano, alama za kuuliza, namba za samawati zikikimbia juu ya zambarau, kila kitu kikiwaka na kuzimika kama duka linaloungua.

"Hicho kweli ni kitu," alisema Bi Verdie, na umati ukapiga makofi kwa upole.

"Dewey!" Hoyt alinong'ona. "Ni nini hiki?"

Dewey alichomoa kanda, akaisoma ubavuni. "Ni kwaya ya wanaume ya Macon. 'Nyimbo za Faraja.'"

Zilifanana, zile kanda. Zote nyeusi, zote za ukubwa mmoja. Eula alishika mashavu. "Mungu wangu. Alfajiri, mlipoleta mashine, niliitoa hii kwenye lori kuipangusa. Basi niliyorudisha humo..."

Mzee Lamar alikohoa. "Eula, mwambie mwanao asubuhi nilipokuwa nakwenda kanisani nilisikiliza wimbo mpya kwenye lori. Mlio kama nguruwe amebanwa mlangoni. Nikadhani ni kwaya ya vijana wa siku hizi. Nikasikiliza kwa heshima, nikasema nitazima ukiisha." Akavua kofia, akaivaa tena. "Hauishi."

Kanda ililetwa mbio kutoka kwenye lori. Mashine ikaisoma, ikangoja izunguke, ikangoja tena. Polepole, mstari kwa mstari, duara likajijaza. Hoyt alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

Mzee Lamar alivaa miwani juu ya miwani. Akapeleka pua hadi kwenye kioo, akakagua nukta kwa nukta, juu hadi chini, jinsi alivyokagua kila pichi la wilaya. Hakuharakisha. Kisha akainuka.

"Mwambie mwanao," alisema, "huyu mgonjwa ana surua."

Hakuna aliyecheka. Hoyt aliona mambo yote yanamponyoka, miaka yote, na kwamba angezeeka akiwa "mwanao". "Mama, mwambie asogee nyuma. Kidogo tu. Mwambie tafadhali."

"Lamar, anakuomba usogee nyuma."

"Mwambie sijawahi kukagua pichi nikiwa mbali nalo, na siwezi kuanza leo mbele ya watu. Tunda halina la kuficha kwa mtu aliye karibu."

Akakunja mikono, akasimama pale pale. Na Mzee Lamar akisimama pahali, amesimama.

Eula alimtazama mumewe. Alimtazama mwanawe. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba siagi, chumvi, milango na hongera kati yao, na Hoyt aliona uso wake unabadilika, unakuwa uso wa mtu aliyechoka kubeba. Akageukia umati.

"Verdie," aliita kwa sauti tamu, "hebu njoo ulione pichi la Hoyt kwa karibu."

Bi Verdie akapanda ngazi. Sasa, kuna mambo ambayo mwanamume wa Lumsden hafanyi hata nyumba ikiungua. Mwanamke akija, hamzuii njia: anavua kofia, anarudi hatua moja nyuma. Na hampi mgongo. Mzee Lamar alivua kofia, akarudi hatua moja nyuma.

"Karibu, Bi Verdie."

"Nelda, na wewe njoo!" aliita Eula.

Mke wa mchungaji akaja. Mzee Lamar akarudi hatua. Akaja mke wa mwenye duka. Hatua. Wakaja dada wawili wazee wa Posta, wameshikana mikono, na kwa heshima ya umri wao akarudi hatua mbili, akajikuta chini ya ngazi, kofia kifuani.

Alianza kushtuka. "Eula, mwambie mwanao najua mnachofanya."

"Anajua tunachofanya, Hoyt," alisema Eula. "Verdie, mpishe mwenzio apite. Halafu zunguka tena nyuma, mama, njoo upya."

Basi wanawake wote wa kanisa la Lumsden walijipanga wakaanza kuzunguka, wakishuka baraza upande huu na kumjia Mzee Lamar upande ule, kila mmoja akimsabahi kwa jina. Na kwa kila mmoja ilibidi arudi nyuma, na kwa kuwa hakuweza kuwapa mgongo, uso wake ulibaki umeelekea baraza. Alikuwa akilia kwa hasira na kutabasamu kwa adabu, kwa pamoja. Sauti ya Eula ikawa haimfikii tena, kwa hiyo watu wakajipanga njiani kama walivyozoea, wakapokezana maneno.

Katikati ya ua neno likapita mdomo hadi mdomo likafika kwa Hoyt: "Anasema surua imepungua."

Langoni: "Anasema ni nyanya, lakini nyanya ya heshima."

Seneta akapita kati ya miguu yake. Seneta ni dume, kwa hiyo hakumrudisha nyuma. Lakini Bi Verdie alikuwa anakuja kwa mara ya tatu. Mzee Lamar akavuka barabara kinyumenyume, na lori la maziwa likasimama kumpisha, dereva akagusa kofia.

"Anasema ni pichi," alisema Mchungaji Tribble, wa mwisho katika mstari, shingo yake imepinda. "Anasema ni bichi."

"Bichi kiasi gani?" Hoyt aliuliza, akashindwa kuzuia machozi.

Swali likaenda. Wanawake walikuwa bado wanakwenda. Mzee Lamar akafika kwenye mipichi yake, mgongo ukagusa shina, na hapo hakukuwa na pa kurudi tena. Hoyt alimwona kwa mbali, mdogo, kofia mkononi, amesimama wima. Mdomo wake ulicheza.

Hoyt akangoja jibu. Halikuja. Mtu alikuwa ameinua kitambaa juu ya kuku, harufu ikatembea, na watu wa Lumsden, ambao wangepokezana maneno hadi kiama, hawakuweza kupokezana maneno na kuku wa moto kwa wakati mmoja. Mstari ukavunjika kuanzia langoni. Hata Mchungaji aliomba radhi akaenda kubariki chakula. Eula alikuwa ameshika kijiko kikubwa, anagawa makaroni, na hakugeuka.

Kule chini ya mti mdomo wa Mzee Lamar ulicheza tena. Alikuwa anasema kitu kirefu.

Hoyt aliachia nguzo. Alishuka ngazi, akapita katikati ya sahani na salamu, akatoka langoni, akavuka barabara. Alisimama chini ya mpichi, ubavuni mwa baba yake, kiwiko kwa kiwiko, akageuka atazame kule baba yake anakotazama.

Barazani, chini ya shuka jeupe, pichi lilikuwa linawaka. Hakuwahi kuliona akiwa mbali namna hii. Lilikuwa na utosi mwekundu na tumbo la dhahabu, na ungedhani lina manyoya. Juu yao matunda ya kweli yalikuwa yameanza kujaa, na yote mawili, la kule na haya ya hapa, yalikuwa rangi moja.

Mzee Lamar hakugeuka. Kofia ilikuwa inazunguka vidoleni mwake.

"Eula," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie ni la kuvunwa. Mwambie limeiva jana, leo ni siku yake."

Eula alikuwa ng'ambo ya barabara na kijiko chake. Chini ya mti hapakuwa na mtu mwingine, hata mbwa.

"Mwambie," aliendelea Mzee Lamar, na hapo akakwama. "Mwambie mwaka ule barafu ilikuwa kali mno. Hata angekuja, maua yangekufa. Nilijua usiku ule ule. Mwambie sikuwa na hasira ya maua. Nilikuwa peke yangu tu, na moto hauwaki."

Hoyt alitazama mbele.

"Nitamwambia," alisema.

Mzee Lamar aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia. Kisha mzee akaanza kutembea kuelekea kwenye chakula, na alipofika katikati ya barabara akasimama, amempa mwanawe mgongo.

"Na usimtume mtu," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe, Hoyt."